Ndege Hawa, Ndege Hizi

Walikuja kung'oa antena asubuhi, chai ikiwa bado inafuka mezani. Wanaume watatu, mashati yamepigwa pasi, wakapanda ngazi mpaka juu ya paa bila kubisha hodi, na mmoja wao akakata waya kwa koleo, kwa raha zake, kama mtu anayejikata kucha. Mwenye antena alipofika juu, kikombe bado mkononi, mlingoti ulikuwa umelazwa chini na kipokezi kimeshatiwa kwenye gunia. Gunia! Chombo alichokipangusa vumbi kwa brashi laini, ambacho hata mama yake mzazi haruhusiwi kukigusa akiwa na mikono ya maji, kimesukumizwa ndani ya gunia la viazi na mkia wa waya unaning'inia nje.

"Jamani, mnafanya nini nyumbani kwa watu?"

"Tunafuata taratibu, mama," akajibu mkubwa wao. Neno hilo halikumbanduka mdomoni, kwa hiyo tumwite Bwana Taratibu, na jina lake halisi tumwachie mwenyewe. "Tumepata habari kwamba unafuatilia ndege. Taratibu haziruhusu raia kufuatilia ndege."

"Lakini ndiyo kazi yangu!"

"Umekiri," akasema Bwana Taratibu, akawageukia wenzake ahakikishe nao wamesikia.

Kazi yake ilikuwa hiyo kweli. Mtaa mzima ulimwita Bi Antena, na yeye alishachoka kulikataa jina hilo. Alifundisha elimu ya viumbe chuoni, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege waimbaji, wale wadogo wa rangi ya majani makavu, ambao ukimshika mmoja kiganjani unahisi mapigo ya moyo tu, uzito huuoni. Huzaliana kaskazini ya mbali. Baridi ikianza kuuma huko, hufunga safari, wakavuka bahari na jangwa, wakaja kushukia kwenye matete ya bwawa lililo nyuma ya mtaa ule. Kila msimu Bi Antena alitega wavu mwembamba, akawanasa wachache, akawavisha pete mguuni, na baadhi yao akawafunga mgongoni, kwa uzi laini, kidude cha kutoa mlio kisichozidi punje ya mahindi. Kila kidude kina mlio wake. Ndege akikaribia mji, antena inaunasa, kipokezi kinauhifadhi, na Bi Antena anajua nani amefika na amelala wapi.

Kati yao alikuwepo mmoja aliyempa jina la Mpangaji, kwa sababu kila akirudi alikwenda moja kwa moja kwenye kona ile ile ya matete, kama mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Betri ya kidude chake ilikuwa inaelekea ukingoni, na msimu huu huenda ungekuwa wa mwisho kusikika.

Tena ndio msimu uliohitajika kuliko yote. Kampuni moja ya maghala ilikuwa imeomba kulifukia bwawa na kujenga juu yake. Wataalamu wa kampuni walikuja mara moja tu, wakati wa jua kali ambapo kila kiumbe mwenye akili amejificha, wakatazama huku na huku, wakaandika kwamba bwawa ni tupu, halina anayelitegemea isipokuwa mbu. Mkutano wa kulijadili ombi hilo ulishatangazwa. Wenye maghala walikuwa na picha za rangi na wakili. Bi Antena alikuwa na mlio wa Mpangaji. Sasa hata huo uko ndani ya gunia.

Balaa lilianzia redio ya mji. Mtangazaji mmoja, aliyejipachika mwenyewe jina la Ulimi Asali, alimwalika Bi Antena aje aeleze umuhimu wa bwawa, na yeye akaenda akiwa amevaa vizuri, kana kwamba redio ina macho. Kipindi hakikufika mbali.

"Wasikilizaji, leo tunaye mama jasiri anayefuatilia ndege zote zinazopita juu ya mji wetu! Mama, hebu tuambie, ndege hizi unazipataje?"

"Hawa," Bi Antena akasema. "Ndege hawa."

"Naam, ndege hizi. Na unajua zinatoka wapi na zinatua wapi?"

"Wanatoka kaskazini. Wanatua kwenye matete."

"Zinatua kwenye matete! Wasikilizaji, mmesikia wenyewe!"

Hapo ndipo pa kukasirika, na msimuliaji wa habari hizi haoni aibu kukasirika pamoja naye. Lugha yetu imetupa neno moja kwa vitu viwili, sawa, lakini haikututupa tupotee. Ndege mwenye manyoya ni kiumbe kama mimi na wewe: anakuja, anakula, ameondoka. Ndege yenye injini ni chombo kama meza na sufuria: inakuja, inashusha mizigo, imeondoka. Hawa ni hawa na hizi ni hizi. Mtoto anayejifunza kusema hupewa tofauti hiyo bure, pamoja na uji. Sasa mtu mzima, mwenye kipaza sauti na kiti kinachozunguka, anaitupa hewani kama ganda la ndizi, na anayekuja kuteleza ni mwingine.

Waliokuwa wakisikiliza kwa sikio moja, na redio nyingi husikilizwa hivyo, waliambulia kwamba juu ya paa fulani yupo mwanamke anayechunguza ndege zinazotoka nje ya nchi, anajua zinatua wapi, na ana mlingoti. Mmoja wao akapiga simu panapopigwa. Kesho yake ikawa koleo na gunia.

Bi Antena alivaa viatu akaenda kulifuata gunia lake. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akajitanda mtandio akatoka naye.

"Mama, pumzika, mambo haya nayaweza."

"Unayaweza ukiwa umetulia," mama akasema. "Ukikasirika unasema yote. Twende."

Ofisi ya usalama ilikuwa na benchi moja, feni isiyozunguka, na tangazo ukutani linalowaomba wananchi watoe maoni yao, ila sanduku la maoni lenyewe lilikuwa limewekewa chungu cha ua juu ya tundu. Gunia lilikuwa sakafuni nyuma ya meza ya Bwana Taratibu. Bi Antena alipoliona alitamani kulikimbilia kama anavyokimbiliwa mtoto aliyepotea sokoni, lakini mama alimshika mkono wa gauni.

"Afisa," Bi Antena akaanza, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi njiani, "mimi ni mwalimu wa chuo. Nina kibali cha idara ya wanyamapori. Nafuatilia ndege wanaohama. Wana manyoya. Wanaimba."

"Ndege ni ndege, mama."

"Si kweli. Mimi nafuatilia ndege wanaopita. Nyinyi mmeandika ndege zinazopita."

"Sasa tofauti iko wapi? Sisi mtaani tunasema hivyo hivyo. Mwenye kuku anasema kuku zangu, mwenye mbuzi anasema mbuzi zangu, na hakuna aliyekamatwa."

"Kwa sababu hakuna kuku wa injini!"

Kijana wa meza ya pili akacheka, akajifanya anakohoa. Bwana Taratibu hakucheka. Alifungua kibali cha wanyamapori, akakisoma taratibu kama jina lake, akakirudisha.

"Hiki kinahusu wanyama. Ndege haijatajwa kuwa mnyama mahali popote kwenye taratibu zangu. Lakini mimi si mtu mbaya. Naona wewe ni mama wa watu. Maelezo yako tumeshakuandalia. Ukitia sahihi kwamba ulikuwa unafuatilia na hutarudia bila kutuarifu, chombo chako unaondoka nacho leo."

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake, alikuwa akifuatilia ndege zinazopita juu ya mji. Bi Antena alisoma mara moja, damu ikamchemka.

"Naomba kalamu nirekebishe hapa. Neno moja tu. Pawe na wanaopita badala ya zinazopita."

"Haiwezekani. Mkubwa ameshaweka sahihi yake chini, na yuko safarini. Neno moja ni karatasi mpya, karatasi mpya ni sahihi mpya, na sahihi mpya ni mpaka arudi."

"Arudi lini?"

"Akimaliza."

"Afisa, ndege hawangoji mkubwa wako amalize! Wako njiani sasa hivi. Wakipita bila chombo hiki kuwashwa, hakuna ushahidi, na hakuna bwawa!"

"Basi tia sahihi," akasema Bwana Taratibu, kwa upole wa mtu ambaye halipi chochote kwa ajili ya upole wake.

Bi Antena aligeuka kumtazama mama yake. Alikuwa anataka kusikia: usitie, mwanangu, tuondoke. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mkoba mapajani, kama walivyokaa wazee wote waliowahi kungojeshwa na ofisi.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," mama akasema. "Neno moja ni nini? Chukua chombo chako twende tukafanye kazi."

Akatia sahihi. Tusimlaumu, maana hata mimi na wewe tungetia. Lakini alipoishika ile kalamu alihisi aibu, aibu ya kweli, mashavu yakamwaka, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amewafundisha wanafunzi kwamba kosa dogo ulilolikubali kwa macho yako si dogo tena. Walitoka na gunia. Njia nzima mama, kwa busara, alizungumzia bei ya nyanya.

Mlingoti ulipinda kwenye kifundo, akaunyoosha kwa kuuweka chini ya mguu wa kitanda. Waya akauunga kwa mikono yake. Kipokezi, sifa zote kwa aliyekitengeneza, kikawaka kana kwamba hakijawahi kulala na maganda ya viazi. Akaanza kungoja. Alikula amesimama, akafundisha chuoni huku akili iko paani, na mama akalalamika kwamba ndani ya nyumba hii sasa anaishi peke yake.

Alfajiri moja, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unaingia dirishani, mlio ukaja. Tip, tip-tip. Tip, tip-tip. Dhaifu, halafu wa nguvu kidogo, halafu wazi kabisa. Bi Antena alipiga ukelele ulioamsha ghorofa zote mbili za chini.

"Kuna nini? Mwizi?" mama akauliza, akitokea na ufagio.

"Mpangaji! Mama, amefika! Yuko bwawani, kwenye kona yake!"

Mama aliusogeza ufagio pembeni, akainamia kipokezi kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya pamoja, mikono nyuma ili asije akagombezwa. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Na huyo mdogo ndiye ametoka huko kote kwa mabawa yake?"

"Kwa mabawa yake."

"Bila mtu wa kumpokea," mama akasema, akatikisa kichwa, akaenda kuchemsha chai.

Siku zote zilizofuata mlio haukuondoka bwawani. Mchana uko pale, Mpangaji anakula wadudu anenepe. Usiku uko pale, amelala. Nyuma yake wakafika wengine wenye milio yao, na wengine wengi zaidi wasio na vidude wala pete, waliojaza matete sauti mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Bi Antena alikuwa na kila alichohitaji. Siku ya mkutano alifunga kipokezi ndani ya shuka safi, akachukua na antena ndogo ya mkononi, akaenda na mama yake, akiwa na furaha ya mtu anayejua hesabu yake imetimia.

Ukumbi wa mtaa ulikuwa umejengwa karibu na bwawa kiasi kwamba madirisha ya nyuma yalitazama matete. Mbele, mezani, alikaa mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye leso ya kujifutia jasho, na kando yake karani. Wakili wa kampuni alikaa na picha zake za maghala, kwenye picha kuna miti ambayo haipo na watoto wanaocheka kwa sababu isiyojulikana. Hata Ulimi Asali alikuwepo na kipaza sauti chake. Bi Antena alimpita bila salamu.

Alipopewa nafasi alieleza vizuri. Alieleza safari, akaeleza matete, akaonyesha Mpangaji alipolala siku baada ya siku. Watu wa mtaani waliitikia kwa vichwa. Wakili akangoja amalize, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mama yetu, tunakushukuru. Swali moja tu. Sahihi hii ni yako?"

Ilikuwa karatasi ya Bwana Taratibu. Namna gani maelezo yaliyotiwa sahihi ofisi ya usalama yalifika mkononi mwa wakili wa maghala, hilo halikuulizwa na yeyote, na mwenyekiti, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza, wakati huo alikuwa anajifuta shingo.

"Ni yangu, lakini—"

"Naomba niisome. 'Nilikuwa nikifuatilia ndege zinazopita juu ya mji.' Zinazopita. Mwenyekiti, mimi si mwalimu wa lugha. Lakini nilivyofundishwa, ndege zinazopita ni zile zenye rubani. Mama huyu amekiri mwenyewe, kwa hiari, kwamba mitambo yake inanasa ndege za abiria. Leo anatuletea milio ile ile anatuambia ni kidege kinachokula wadudu. Tumwamini yupi, yeye wa siku ile au yeye wa leo?"

Ukumbi ukacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Walioitikia kwa vichwa dakika chache nyuma walicheka pia, maana kichekesho kizuri hakiulizi uko upande gani. Na lililomuuma Bi Antena kuliko kicheko ni kwamba mtu huyu aliijua tofauti! Bwana Taratibu alikuwa mjinga, na ujinga una dawa. Huyu alijua kabisa kwamba hawa si hizi, alikuwa amekaa na elimu yake akainoa kama kisu, akangoja.

"Sahihi ile niliwekewa kama mtego!" akasema. "Niliwaambia palepale ni kosa, wakaninyima kalamu!"

"Lakini ulitia," mwenyekiti akasema.

"Nilitia."

"Basi karani, andika kwamba ametia."

Bi Antena alifungua shuka. Akaunganisha antena ya mkononi, akaielekeza dirisha la nyuma, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Tip, tip-tip. Tip, tip-tip. Ukumbi ukatulia. Mlio ulikuwa mkali na wa karibu, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko chumba cha pili.

"Huyo hapo. Hana rubani. Yuko mwendo wa kwenda kuchota maji na kurudi. Mwenyekiti, inuka twende ukamwone. Twendeni wote. Nikidanganya, nifungeni."

"Inaweza kuwa simu ya mtu," wakili akasema.

"Twende tukaone kama ni simu!"

"Mama, kikao hakitembei," mwenyekiti akasema. "Kikao kinakaa. Ndiyo maana kinaitwa kikao."

Wengine wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikatika katikati, kwa sababu nje paliingia ngurumo. Ngurumo ya lori likirudi nyuma, na kile king'ora chake cha kuonya, halafu sauti ya kifusi kikiporomoka, mawe na udongo na matofali ya nyumba iliyobomolewa mahali fulani. Vumbi likapanda mbele ya madirisha. Lori la pili likanguruma nyuma ya la kwanza.

Bi Antena alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti aliitazama leso yake.

"Yale malori yanamwaga wapi?"

"Ni maandalizi tu," wakili akajibu haraka. "Dereva amewahi. Kosa dogo la mawasiliano."

Kumbe! Kumbe walikuwa wameitwa waje kukaa, kuzungumza, kuonyesha, kujieleza, kuchekwa, na kifusi kilishapakiwa tangu asubuhi! Mkutano mzima ulikuwa kofia ya kufunikia kichwa kisichokuwepo. Bi Antena hakupiga kelele. Alikuwa amefika pale ambapo hasira inapita kelele na kuwa baridi. Alikifunga kipokezi mkanda begani, akashika antena, akatoka kwa mlango wa nyuma, na mlio ukatoka naye. Nyuma yake alisikia kiti kikisukumwa, na viatu vya mama yake.

Lori la kwanza lilikuwa limeshamwaga, na mwanzo wa matete ulikuwa umelala chini ya matofali. La pili lilikuwa linajipanga, kisogo chake kimeelekea kona ya Mpangaji. Antena ilielekea palepale pia. Bi Antena akazunguka, akasimama kati ya lori na matete. King'ora kilimlilia usoni. Akapiga bodi la lori kwa kofi, mara mbili, mpaka kiganja kikamuuma.

Lori likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani, akageuka kumtafuta.

"Mama, unataka kufa?"

"Nataka usimwage!"

"Mimi nimeambiwa humu hamna kitu!"

"Shuka usikilize kama hamna kitu."

Alishuka, labda kwa udadisi, labda kwa kuwa ni vigumu kumkanyaga mtu mliyekwisha kuzungumza naye. Bi Antena akamwelekezea antena. Dereva alisikiliza, akasogeza antena kushoto, mlio ukafifia, akairudisha, ukakua. Akakunja uso akiyatazama matete.

"Hajaruka tu? Na kelele zote hizi?"

"Amechoka. Amevuka jangwa. Wakichoka hujibanza, wanadhani wamejificha."

"Na ningemwaga..."

"Ungemwaga juu yake."

Dereva aliguna. Alitazama lori lake, akatazama barabarani ambako lori la tatu lilikuwa linapiga honi, akatazama ukumbi. "Nikirudi na mzigo nimefukuzwa kazi," akasema, bila kumlaumu yeyote. Lilikuwa kweli, na hasira ya Bi Antena ilizidi kwa kujua kwamba waliopanga haya wamehakikisha anayebanwa ni huyu mwenye ufunguo na yeye mwenye antena, huku wao wenyewe wako kivulini.

Wakili alikuwa anakuja, anachagua pa kukanyaga ili asichafue viatu. Nyuma yake watu wa ukumbini, mmoja, wawili, halafu wengi, wakitoka kuangalia. Mwenyekiti alibaki mlangoni.

"Mama, ondoka hapo," wakili akaita. "Tutawaita wahusika. Hili ni eneo la kazi!"

Bi Antena alifungua kinywa ajibu, ayaseme yote kama mama yake alivyoogopa siku zote. Lakini mama alikuwa ameshampita. Mwanamke yule aliyebusu mikono ya maofisa maisha yake yote alitembea mpaka nyuma ya lori, akachagua tofali lililokaa vizuri juu ya kifusi, akalifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, akakaa. Akaweka mkoba mapajani.

"Niliyokwambia ofisini sikukwambia vizuri," akamwambia bintiye, bila kupunguza sauti. "Nilikosea, na umechekwa kwa ajili yangu."

"Mama, lori hili..."

"Naliona. Si kipofu." Akamtazama wakili aliyekuwa amesimama anahema, akamtazama mwenyekiti kule mlangoni, akasogea kidogo kutoa nafasi. "Kaa, mwanangu. Wao wameshiba, wanaweza kungoja."

Bi Antena akakaa, kipokezi mapajani, mlio ukiendelea. Dereva akarudi kwenye lori lake, akazima injini.